Marehemu Amezima Simu

Wiki jana tulimwacha Spika kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande wa pili bado una nywele zake zote, na redio ya kinyozi imetoka kutangaza kwamba rafiki yake kipenzi amefariki dunia. Mbaya zaidi, sauti iliyotangaza ilikuwa ya Spika mwenyewe.

Msiniulize kama alimalizia kunyolewa.

"We kijana! Nguo yangu!" kinyozi alipiga kelele, maana Spika alikuwa ameshatoka mbio na kitambaa cha kunyolea kikiwa bado kimefungwa shingoni. "Na hiyo nusu nyingine je?"

"Nakuja!"

Alikimbia, lakini atakimbilia wapi? Kila duka lilikuwa na redio, na kila redio ilikuwa imefungulia kituo hicho hicho. Kwenye duka la viatu alijisikia akisema kwa huzuni: "Mwili wa marehemu umehifadhiwa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu." Kwenye duka la vioo akajisikia tena: "Habari ziwafikie mama mzazi, mjomba, na ndugu na jamaa wote popote walipo." Alikuwa amelisoma tangazo vizuri sana, na hilo ndilo lililokuwa linamuuma.

Wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana kwa sababu mwenye duka alishalifungia misumari, nitakueleza upesi, halafu usinisumbue tena.

Kuna vijana wanne wanaojiita watu wa Darini, kwa sababu wanakutana kwenye chumba cha juu, chini ya mabati, wanatunga mashairi na kubishana mpaka majirani wanagonga ukuta. Malenga ndiye kiongozi, na kazi yake ni ushairi tu, ukimuuliza anakula nini anakasirika. Sindano ni fundi cherehani mwenye duka la chini. Spika ni kibarua wa redio, mwenye sauti nzito na mdomo usiotulia. Wa nne ni Chozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu akicheka machozi yanamtiririka.

Darini wana sheria moja. Mtu akiacha ushairi akaenda kuajiriwa, huyo amekufa. Anazikwa. Wanamlaza juu ya meza ya kukatia nguo, wanamfunika shuka, kila mmoja anasoma shairi la kumlilia, na yeye marehemu haruhusiwi kutikisika mpaka mwisho. Kibarua hazikwi, ndiyo maana Spika alikuwa bado hai.

Basi Chozi akasema amepata kazi benki. Wakamzika. Na Spika, kwa kutaka kuwazidi wenzake, akaingia studio akarekodi tangazo la kifo lililoandikwa na Malenga, lenye jina kamili la Chozi, la baba yake na la kijiji chao, na muziki wa maombolezo ukipigwa kwa chini. Siku ya maziko walilisikiliza, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini studio alikuwa ameliacha kwenye mashine, mahali pale pale yanapowekwa matangazo ya vifo vya kweli. Leo mchana dada wa zamu akabonyeza kitufe, na tangazo likaenda hewani.

Uzembe huo. Hauna jina jingine.

Spika alisimama chini ya kibaraza cha duka, akapiga simu kituoni. Akapokea mkuu wa kituo mwenyewe.

"Mkuu, lile tangazo si la kweli. Ulikuwa utani wetu. Naomba mtangaze sasa hivi kwamba yule mtu yu hai."

"Utani? Kwa mashine zangu?"

"Nifukuze kesho, mkuu. Leo tangaza."

"Nitangaze kwa neno la nani? La kwako?" Mkuu alikuwa anahema kwa hasira. "Umesema amekufa, tena kwa majonzi, mpaka mke wangu kanipigia analia. Sasa unasema hajafa. Jioni utasema nini? Nisikilize vizuri. Mlete huyo marehemu hapa aseme mwenyewe mbele ya maikrofoni. Bila hivyo sigusi kitu."

Simu ikakatwa.

Spika akampigia Chozi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Tangu siku ya maziko Chozi alikuwa amezima simu, nao walidhani anaringa tu, mtu wa benki sasa.

Akiwa bado ameikodolea macho simu yake, ikaita. Alikuwa mama yake Chozi.

"Mwanangu Spika."

"Shikamoo mama. Mama, nisikilize kwanza..."

"Nimeshakusikia, mwanangu. Nilikuwa naanika nguo." Sauti ilikuwa ndogo, imetulia mno. "Nikasema, afadhali kaisema huyu aliyekula kwangu. Kuliko kuisikia kwa mgeni."

Spika akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, hajafa! Ulikuwa mchezo, mama. Sisi wajinga tulirekodi utani, ukatoka kwa bahati mbaya. Mwanao mzima kabisa!"

Upande wa pili kulikuwa na ngurumo ya gari na upepo.

"Mzima?"

"Mzima, haki ya Mungu."

"Basi mpe simu niongee naye."

Spika akageuka huku na huku pale barabarani, utadhani Chozi angetokea nyuma ya mkokoteni.

"Hayupo hapa karibu, mama. Lakini..."

"Nimempigia mpaka vidole vinaniuma. Amezima. Spika, najua unanionea huruma. Unajua presha yangu, unataka nifike salama. Ahsante. Lakini mimi ni mtu mzima, usinidanganye njiani."

"Sikudanganyi, mama!"

"Tumeshapanda gari na mjomba wake. Mwambie kila mtu asimzike. Nataka nimuone uso."

Mama akakata simu. Yule mama hana mtoto mwingine. Mume alishakufa. Kila asubuhi anameza vidonge vya moyo, na sasa alikuwa kwenye gari la mizigo la watu, amekaa juu ya magunia, anakuja mjini kuchukua maiti ambayo haipo. Kijiji chao si mbali. Mchana huo huo angefika.

Kitu kimoja tu kingemwokoa, nacho ni sauti ya mwanawe. Sauti ya Spika haikuwa na thamani tena.

Alipanda ngazi za Darini anazirukaruka. Malenga alikuwa amelala kwenye godoro, penseli sikioni, macho kwenye mabati. Sindano alikuwa dirishani na futi yake ya kupimia shingoni.

"Nani kakunyoa hivyo?" Sindano akauliza. "Huyo mtu ni wa kushtakiwa."

"Hamkusikia redio?"

"Redio yangu mbovu."

Spika akawaeleza kwa pumzi moja. Sindano akashika mdomo. Malenga aliinuka polepole akakaa, na uso wake ukawa umepauka vibaya. Spika aliliona hilo, lakini hakuwa na muda wa kuliuliza.

"Tunakwenda benki," akasema. "Tunamtoa Chozi kwenye meza yake, anaongea na mama yake, mambo yanaisha. Vaeni viatu."

"Tusubiri kidogo," Malenga akasema.

"Tusubiri nini? Mama aanguke?"

"Nasema tufikirie kwanza."

"Wewe ndiye uliyeandika lile tangazo, Malenga! Umeshafikiria vya kutosha!"

Benki haikuwa mbali. Mlinzi wa mlangoni alikitazama kichwa cha Spika, akakitazama na kitambaa cha kinyozi, akasogeza rungu karibu. Ikabidi Sindano, mwenye shati lililopigwa pasi, ndiye aongee. Dada wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu, akaandika jina la Chozi kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Hatuna mfanyakazi wa jina hilo."

"Ni mpya," Sindano akasema. "Ameanza juzi juzi tu."

"Kaka, hapa hatujaajiri mtu tangu mwaka juzi. Tunapunguza watu, hatuongezi."

Walitoka nje wakiwa wameduwaa. Sindano akaanza kuhesabu benki nyingine za mji kwa vidole. Spika akasema wagawane, kila mtu achukue mtaa wake. Malenga alikuwa ameketi kwenye ngazi za benki, kichwa kati ya magoti.

"Inuka!" Spika akamwambia. "Mtu anakufa hapa!"

"Hakuna kazi," Malenga akasema bila kuinua kichwa. "Haikuwahi kuwepo."

"Unasemaje?"

"Hakupata kazi yoyote. Anaumwa."

Spika alimkamata kola akamwinua. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama kutazama.

"Ulijua?"

"Aliniapisha, Spika."

"Ulijua, ukakaa kitako ukamwandikia tangazo la kifo?"

"Ni yeye aliyeniomba!" Malenga alikuwa analia sasa, mtu ambaye hatujawahi kumwona akilia ila kwenye karatasi. "Ana uvimbe kichwani. Nikamwambia tuwaambie wenzetu. Akasema, nikisema naumwa mtanililia, nikisema nimepata kazi mtanicheka, na mimi nataka kuchekwa. Akasema nizikeni kama tunavyozikana siku zote, wasijue kitu. Ningefanyaje?"

Sindano akaketi palepale alipokuwa amesimama. Spika aliikumbuka ile siku ya maziko, Chozi chini ya shuka, mabega yakimtikisika, na wao wakimpigia kelele, "Marehemu hachekiii!" Alipofunuliwa uso ulikuwa umelowa. Walidhani ni machozi ya kicheko, yale ya siku zote. Sasa Spika akajua hakuwa anacheka, na moyo ukamuuma kama umebanwa na mlango.

"Mama yake anajua?"

"Hajui, na hatakiwi kujua. Baba yake aliingia chumba cha upasuaji cha hospitali kuu, alikolazwa Chozi sasa, akatoka amefunikwa. Mama aliapa kwamba hakuna mtu wake mwingine atakayepasuliwa. Chozi anasema mama akikataa, na yeye hawezi kuingia. Hawezi kumvunjia mama yake neno. Kwa hiyo alitaka apasuliwe kwanza, amwambie baadaye."

"Lini?"

Malenga akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Malenga! Wanampasua lini?"

"Leo. Leo mchana. Na daktari kamwambia anaweza kuamka akiwa hawezi kusema tena."

Hapo Spika alikuwa ameshasimamisha pikipiki.

"Ninyi nendeni kasimameni geti kuu la hospitali," akasema akiwa anapanda. "Mama akitokea, mshikeni hapo hapo. Msimwambie chochote. Mimi namtafuta Chozi aongee naye kwenye simu kabla hawajampa dawa ya usingizi."

Barabara ilikuwa imeziba magari, na mwenye pikipiki alikuwa mtu wa kuheshimu taa. Spika alimpigia kelele sikioni mpaka yule akamwambia, "Kaka, kama una haraka hivyo, shuka uendeshe wewe." Spika akampigia mama, simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena, akapokea mjomba.

"Tumeshaingia mjini," mjomba akasema kwa ukali. "Usipige tena. Dada yangu kila akiona jina lako anatetemeka."

Hospitali ilikuwa na mlinzi mnene aliyekaa katikati ya mlango wa kuingilia wodini.

"Saa ya kuona wagonjwa bado."

"Bwana mkubwa, ni dharura. Kuna mtu anaingia kupasuliwa sasa hivi, lazima aongee na mama yake."

"Wote wana mama."

"Nakuomba, kaka yangu."

"Na mimi nakuomba ukakae pale kwenye benchi."

Spika akajaribu kupenya kwapani. Mlinzi akamkamata kitambaa cha kinyozi. Wakawa wanavutana pale mlangoni, mmoja anasema niache, mwingine anasema toka, mara mlango wa ndani ukafunguka akatokea nesi mmoja mfupi, mkali wa uso. Akakiona kile kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Akaona na kile kitambaa cheupe shingoni.

"Ehee! Huyu hapa!" akasema. "Kumbe umeponyokea huku? Wodi ya vichwa wananyoa watu, wewe unatoroka katikati ya kunyolewa?"

Spika alifungua mdomo kukanusha. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaufunga kwa wakati unaofaa.

"Samahani, nesi," akasema kinyonge. "Niliogopa."

"Waoga wote mnafanana. Tembea!"

Akashikwa sikio akaingizwa ndani, na mlinzi akasaidia kufungua mlango. Walipopanda ghorofani, nesi aliitwa na mwenzake kutoka chumba cha dawa. "Simama hapo, usitikisike," akasema. Alipogeuka tu, Spika akakata kona.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na milango miwili mipana, na mbele yake kitanda cha magurudumu. Aliyelala juu yake alikuwa amenyolewa kichwa kizima, amevaa gauni la kijani, amekonda. Akageuza shingo. Akamtazama Spika kwa muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Spika," Chozi akasema. "Na wewe unapasuliwa nusu?"

Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. Spika akamkumbatia pale pale kitandani. Alikuwa hai. Alikuwa na joto. Muda wote huo Spika alikuwa anawaambia watu kwamba Chozi hajafa, na kumbe moyoni alikuwa ameshaanza kuingiwa na shaka.

"Nani kakwambia? Malenga?"

"Chozi, nisikilize. Lile tangazo limetoka redioni."

"Tangazo gani?"

"Lile la maziko. Kosa langu mimi, usimlaumu mtu. Limetoka leo. Mama yako amelisikia. Yuko mjini na mjomba, anatafuta maiti yako."

Kicheko kikakatika. Chozi akajiinua kwa viwiko.

"Mpigie."

"Ukimpigia atauliza uko wapi."

"Nimesema mpigie!"

Simu iliita mara moja tu. Spika akaiweka sikioni mwa Chozi, na yeye akainama kusikiliza.

"Mama," Chozi akasema. "Mama, ni mimi mwanao. Mimi mzima."

Kwa nyuma, upande wa mama, mtu alikuwa anavuta kitu chenye magurudumu kwenye sakafu.

"Spika," mama akasema taratibu. "Hata leo?"

"Mama, siye Spika! Ni mimi!"

"Ukija kwangu unamwiga mjomba wake mpaka mbwa wanakimbia, nacheka. Unaniiga mimi mwenyewe, nacheka. Sasa unamwiga mwanangu naye kalala humu ndani kwenye barafu?" Sauti yake ikapasuka. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Akakata. Walipopiga tena, mama alikuwa amezima simu.

Chozi alibaki ameikodolea macho.

"Amesema humu ndani," Spika akasema. "Chozi, tangazo lilitaja chumba cha maiti cha hospitali hii hii. Kuna geti la nyuma. Wakina Malenga wako geti la mbele."

Milango mipana ikafunguka. Nesi mwingine akatoka, ameshavaa barakoa.

"Tayari, kaka. Daktari anakusubiri. Na huyu nani?"

"Dakika moja, nesi," Chozi akasema. Akamshika Spika mkono, akambana. "Kamzuie mama asiingie chumba cha maiti. Mwili wa baba aliukuta mle mle. Akiona mlango ule tu, moyo wake hautahimili. Lakini usimwambie niko hapa mpaka mlango huu ufungwe. Niahidi."

Spika aliahidi. Nani angekataa?

Alishuka ngazi mbio, akapita jikoni, akapita kwa wafua mashuka, akamwuliza kila mtu njia ya chumba cha maiti, na kila mtu alimwonyesha huku akimpa pole. Alipotokea ua wa nyuma aliwaona. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, mjomba amemshika kiwiko. Mbele yao mhudumu mwenye buti za mpira alikuwa amekwisha fungua mlango.

"Jina hilo sina, mama," mhudumu alikuwa anasema. "Ila kuna kijana aliletwa asubuhi, hana kitambulisho. Umri huo huo. Ingia umtazame."

Mama akavuta pumzi, akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Mama! Usiingie! Siye!"

Mjomba ndiye aliyemfikia kwanza. Alimpiga Spika kofi lililomzungusha.

"Mwongo mkubwa wewe! Umetuua redioni, umetuua kwenye simu, sasa umekuja kutumalizia hapa!"

"Mjomba, nipige ukipenda, lakini yu hai!"

"Yuko wapi?" mama akauliza.

Hakupiga kelele. Alikuwa amejishikilia kwenye fremu ya mlango, mkono mwingine umebana kifua, na uso wake ulikuwa umeanza kupoteza rangi.

"Yuko wapi, Spika? Hapa hapa, sema. Usipoweza kusema, naingia."

Na Spika alikuwa ameahidi. Angeweza kusema yuko kazini, yuko safarini, yuko njiani anakuja. Uongo ulikuwa tele mdomoni. Alimtazama yule mama aliyempikia na kumfulia, akaona kwamba uongo mmoja zaidi utamuua.

"Yuko juu," akasema. "Ghorofani. Ana uvimbe kichwani, wanataka kumpasua. Alikuficha kwa sababu ya baba yake. Ile kwenye simu ilikuwa sauti yake kweli, mama."

Mama aliacha kandambili zake pale pale kizingitini, akapita katikati yao, akazipanda ngazi peku, na wanaume wawili wazima wakashindwa kumfikia.

Milango mipana ilikuwa bado wazi. Kitanda kilikuwa kimeingia nusu, nusu bado iko ukumbini, na daktari mwenye kofia ya kijani alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Amekataa kupewa nusukaputi," daktari akasema alipoona watu wanakuja. "Alikubali kila kitu jana. Sasa anasema hadanganyi mtu tena, halali mpaka mama yake aseme ndiyo. Wewe ndiye mama yake?"

Mama hakumsikia. Alikuwa ameshafika kitandani. Akamshika Chozi kichwa chenye upara, akampapasa masikio, pua, midomo, kidevu. Akamzaba kibao cha shavuni. Halafu akambusu pale pale alipompiga.

"Nisamehe mama," Chozi akasema.

"Nyamaza."

"Mama," daktari akasema, kwa upole sasa. "Sikufichi. Kuna hatari. Anaweza kuamka bila kusema, anaweza asiamke. Lakini tukimwacha, uvimbe utamchukua macho, kisha utamchukua yeye. Chumba hiki ni chake sasa hivi. Akitoka, anaingia mwingine, na sijui nitampatia nafasi tena lini."

"Hapana!" mjomba akasema akihema. "Dada, mlango huu tunaujua. Tulimsindikiza mumeo hapa hapa, daktari akatuongelesha hivi hivi kwa upole. Mtoto yuko hai, tumchukue twende nyumbani."

Malenga na Sindano, waliochoka kungoja getini, walikuwa wametokea ngazini, wakasimama mbali, hawathubutu kusogea. Daktari akaitazama saa ya ukutani. Mama alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kwa mikono yote miwili. Akamtazama kaka yake. Akamtazama daktari. Kisha akageuka, akamtazama Spika aliyejibanza ukutani na shavu lililovimba, na wote wakageuka naye.

"Wewe," mama akasema. "Huyu kaka yangu anaogopa, na huyu daktari simjui. Wewe ndiye uliyeniambia mwanangu kafa, na wewe ndiye uliyeniambia yuko hai. Angekuwa ndugu yako wa tumbo moja, ungesema aingie mle ndani, au tumchukue nyumbani? Utakalosema ndilo nitakalofanya. Ila safari hii, Spika, usinidanganye."

Chozi alifumba macho. Na Spika, mwenye sauti iliyokuwa imeliza mji mzima mchana ule, akafungua kinywa kumjibu.